Siku ya Saa 28

Juma lina saa 168. Zikigawanywa kwa 7, hupatikana siku iliyozoeleka. Zikigawanywa kwa 6, hupatikana siku ya saa 28, na usiku mmoja wa kulala huokolewa kila juma. Hesabu haina kosa. Lililobaki kujulikana ni kama mwili wa mwanadamu utaikubali.

Tarehe 4 Juni 1938 Nathaniel Kleitman, mtaalamu wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliingia pamoja na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, katika pango la Mammoth, jimbo la Kentucky, Marekani. Humo jua halifiki, na baridi ya nyuzi 12 haibadiliki mchana wala usiku. Walikaa siku 32, wakilala saa 9 na kukesha saa 19, miguu ya vitanda vyao imetiwa makoponi ili panya wasipande. Walipima joto la miili yao, kwa kuwa hupanda mtu awapo macho na kushuka alalapo. Hilo ndilo lililokuwa shahidi.

Joto la kijana Richardson lilifuata siku mpya. La Kleitman, mwenye miaka 43, lilishikilia saa 24 zake: aliamriwa kulala mwili ukiwa macho, akaamka kufanya kazi mwili ukidai usingizi. Saa alizookoa hazikumfaa. Watu wawili ni ushahidi haba, na wengi walidhani ujana ndio uliotofautisha.

Mwaka 1999 wachunguzi wa Harvard, kwa siku ile ile ya saa 28 na mwanga hafifu, walipima mwendo wa saa ya mwilini. Waliukuta karibu saa 24 na dakika 11, kwa vijana na wazee sawasawa.