Miaka 999 na Oktoba ya Litein

Vitabu vya hadithi kutoka Uingereza vina msimu ambapo majani hugeuka rangi na kuanguka, na watu wanaanza kutafakari maisha. Watafsiri wetu huuita vuli. Lakini kule Pwani vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, na hapa Litein majani ya chai hayangoji kuanguka. Yanachumwa. Oktoba kwetu ni baridi ya asubuhi, mvua ya mchana na bonasi.

Bonasi ikitoka, kila mtu anakuwa mchumi. Kwenye kituo cha kupima majani, kwa steji ya boda, hotelini, swali ni lile lile: mbona wakulima wa upande wa Mlima Kenya wanalipwa zaidi kwa kilo kuliko sisi? Halafu gumzo linafika kwa ardhi, maana Kericho gumzo lolote likikaa sana hufika kwa ardhi. Mwaka jana mzee mmoja aliinua fimbo kuelekea mashamba makubwa, akaniambia, "Kijana wangu, hao walipewa miaka 999. Utazeeka ukiyaangalia tu."

Nikamjibu, "Mzee, ile miaka 999 ilifutwa 2010." Akacheka. Alidhani namtania.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kukodisha ardhi yetu kwa miaka 99. Mwaka 1915 walowezi wakaongezewa hadi 999. Miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia Kericho. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ukatungiwa sheria yake peke yake: familia nzima zikahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Yote haya yalifanywa kwa karatasi. Bunduki zilikuwepo, ndiyo, lakini kilichodumu ni maandishi, na wenye ardhi hawakuweza kuyasoma.

Sasa ruka hadi tarehe 4 Agosti 2010, siku ya kura ya maoni kuhusu Katiba mpya. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni rangi: kijani ni Ndiyo, nyekundu ni La. Kenya kwa jumla ilisema Ndiyo. Huku kwetu nyekundu ilishinda kwa mbali. Hoja moja iliyovuma sana ilikuwa ya ardhi, kwamba Bunge litapewa kazi ya kuweka kipimo cha chini na cha juu cha shamba ambalo mtu anaweza kumiliki. Hilo si uongo, liko kifungu cha 68. Mtu mwenye ekari mbili akisikia hivyo, lazima ashtuke.

Lakini geuza ukurasa mmoja tu nyuma. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodisha, na si zaidi ya miaka 99. Kampuni nayo haihesabiwi kuwa raia mpaka imilikiwe yote na Wakenya. Mikataba mirefu kuliko hiyo ilikatwa ikawa miaka 99, kuanzia Katiba ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 67 kikaunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani. Yaani kilio cha babu zetu kilikuwa kimeandikwa ndani ya kitabu tulichokikataa.

Sisemi kura ya La ilikuwa dhambi. Kukataa ni haki. Ninachouliza ni wangapi walikataa baada ya kusoma, na wangapi walisomewa kurasa zilizochaguliwa na mwanasiasa.

Hapo ndipo elimu ya uraia inaingia. Wazazi wetu walisoma GHC, na uraia ulikuwa ndani pamoja na jiografia na historia. Sisi wa 8-4-4 ya mwisho tulipewa Masomo ya Jamii, kisha Historia na Serikali, ambayo wengi waliiacha kidato cha tatu. Na hata hapo ulikuwa unakariri: taja majukumu matano ya Spika, pata alama tano, sahau. Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, na Katiba nimeisoma kwa simu, nje ya darasa lolote.

Mwaka 2024 tulionja kitu tofauti. Mswada wa Fedha ulipotoka, vijana waliufafanua kwa video fupi, kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za mama. Nyanya ambaye hajawahi kushika mswada akajua ushuru gani unakuja kwa bidhaa gani. Tarehe 25 Juni watu wakauawa barabarani. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Lile lilikuwa somo la uraia lenye wanafunzi wengi zaidi niliowahi kuona, na ada yake ilikuwa damu. Haifai kuwa hivyo. Somo hilo lingefaa kutolewa mapema, barazani, kanisani, kwenye mikutano ya wakulima, kwa Kipsigis na Kiswahili, wakati hakuna kura wala moshi.

Watu bado wanasema Katiba ni mambo ya Nairobi. Lakini hata Mashujaa Dei, ile sikukuu ya Oktoba 20 iliyoletwa Kericho mwaka 2023, imetajwa kwenye kifungu cha 9.

Piga hesabu nyingine mbali na ya bonasi: 2010 jumlisha 99 ni 2109. Mwaka huo mikataba hiyo inaisha. Wewe na mimi hatutakuwepo, lakini mtu wa Litein atakuwepo, na ataletewa karatasi mezani. Kama ataweza kuisoma au la, hilo linategemea tunachowafundisha watoto sasa.