Waliokataa GNOME 3

Tarehe 6 Aprili 2011 mradi wa GNOME, unaotengeneza mazingira ya skrini ya kompyuta za Linux, ulitoa toleo la 3.0, na watu waliotumia Linux miaka nenda rudi wakajikuta wageni kwenye kompyuta zao wenyewe. Mwambaa wa chini ulioonyesha madirisha yaliyo wazi haukuwapo tena. Kitufe cha kushusha dirisha kiliondolewa, na aikoni za kwenye skrini nazo zikapotea.

GNOME ilianzishwa Agosti 1997 na Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena. Walikuwa wakipinga KDE, mazingira mengine ya aina hiyo, yaliyotegemea maktaba ya Qt ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huru. GNOME 2 ikatoka Juni 2002 na kukaa na sura ileile kwa karibu miaka tisa. Katika muda huo mikono ya watu ilizoea, ikawa inafika pahali pake kabla ya macho. Waliobuni toleo jipya walitaka skrini tulivu isiyomvuruga mfanyakazi, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini ujuzi wa mikono ni mali ya mtu, na hapa ulifutwa bila mwenyewe kuulizwa.

Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alilalamika hadharani kuhusu GNOME 3 mwaka huo wa 2011, akahamia mazingira mengine, Xfce. Hakuwa mgeni wa kuhama: KDE 4 ya mwaka 2008 ndiyo iliyomkimbizia GNOME.

Wengine hawakuhama, walijenga. Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2 uliokuwa umeachwa na kuuendeleza kwa jina la MATE, kinywaji cha majani kinachopendwa sana kwao. Ilibidi programu zibadilishwe majina ili zisigongane na zile za GNOME 3, kwa hiyo Nautilus, ya kupangia mafaili, ikawa Caja. Clement Lefebvre na wenzake wa Linux Mint, moja ya mifumo ya Linux, walichukua njia nyingine: walijenga Cinnamon juu ya teknolojia mpya ya GNOME, lakini wakarudisha mwambaa na menyu.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu ya leseni ya GPL, inayompa yeyote haki ya kuchukua msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Tazama upande wa pili: Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start mwaka 2012, wateja hawakuwa na msimbo wa kuchukua. Kitufe kilirudi na 8.1 mwaka uliofuata, na menyu kamili ikangoja Windows 10 ya mwaka 2015.

GNOME yenyewe ililegeza kamba Machi 2013, pale toleo la 3.8 lilipoleta mpangilio wa kizamani kwa anayeutaka. Torvalds alirejea mwaka huo. MATE haikufungwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2015 Ubuntu MATE, inayotumia mazingira hayo, ilipokelewa rasmi katika familia ya mfumo wa Linux uitwao Ubuntu.