Kuwatazama Yatima: Kutoka Glaucha 1695 hadi Haiti 2010

Waraka wa Yakobo 1:27 husomwa mara nyingi panapozungumzwa huduma kwa watoto wenye shida, na vikundi vya wageni wanaokuja sharikani kwetu kwa juma moja au mawili hulitumia andiko hilo kama hati ya safari yao. Biblia yetu ya Kiswahili inalo hapo neno "kutazama", na msomaji aweza kudhani kwamba ni kwenda kuona hali, kuacha zawadi na kurudi nyumbani. Kitenzi cha Kiyunani, episkeptesthai, kina uzito zaidi. Ni ndugu wa episkopos, neno lililotupatia "askofu", na katika Agano la Kale la Kiyunani hutumika pale Yusufu anapowaahidi ndugu zake kwamba Mungu atawajilia na kuwatoa Misri (Mwa. 50:24). Atazamaye hivyo amekwisha kujifunga. Tuangalie basi visa viwili, kimoja cha Walutheri wa kale na kingine cha siku zetu, tukiuliza katika kila kimoja: mtoto huyu ni wa nani?

August Hermann Francke aliingia kazini mwaka 1692 kama mchungaji wa Glaucha, kitongoji maskini kilichokuwa nje ya mji wa Halle, Ujerumani. Maskini walifika mlangoni pake siku maalum ya juma kupokea mkate. Yeye akaanza kuwaingiza ndani, akawauliza watoto maswali ya Katekisimu huku wazazi wakisikiliza, akastaajabia jinsi walivyokuwa hawajui kitu. Aliwapa karo ili waende shule; fedha ikapokelewa, lakini shuleni wengi hawakuonekana. Mwaka 1695 akakuta katika kisanduku chake cha sadaka taleri 4 na groshi 16, akanunua vitabu, akamweka mwanafunzi mmoja maskini wa chuo kikuu afundishe. Vitabu 27 viligawiwa. Vilivyorudi ni 4. Mgeni wa majuma mawili angekwisha kuondoka akiwa na picha za watoto wakipokea vitabu, wala asingejua habari ya vile 23. Francke alikuwapo. Akanunua vingine, na safari hii akaviweka shuleni watoto walipomaliza kusoma.

Yatima wa kwanza walikuja baada ya mtu mmoja kutoa fedha za kumtunza mtoto mmoja. Waliletwa wanne, naye akawapokea wote. Wanahistoria huipita haraka habari inayofuata, nami naiona kuwa ya maana sana: hakuwajengea nyumba kwanza, bali aliwakabidhi kwa familia za wacha Mungu palepale mjini. Nyumba ilifuata idadi ilipoongezeka. Hata hapo, kabla ya kuweka jiwe la msingi mwaka 1698, alimtuma msaidizi wake Georg Heinrich Neubauer hadi Uholanzi kuzikagua nyumba za yatima za huko na kuuliza jinsi zinavyoendeshwa. Nayo ilikuwa safari fupi, lakini aliyesafiri alikwenda kujifunza.

Tusiipambe Halle kupita kiasi. Nidhamu ilikuwa kali, michezo ilihesabiwa kuwa upuuzi, na Francke aliamini kwamba nia ya mtoto sharti ivunjwe. Walimu wa leo hawangemfuata. Lakini alipofariki mwaka 1727 watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifundishwa katika shule zake, na kati yao yatima waliotunzwa walikuwa kama 130 tu. Hivyo kazi iliyojulikana ulimwenguni kama "nyumba ya yatima" ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, shule ya watoto wenye wazazi.

Safari fupi za umisioni kama tunavyozijua ni jambo la juzi. Mwaka 1957 George Verwer na wenzake wawili walikwenda Meksiko wakati wa likizo kugawa Maandiko; mwaka 1960 Loren Cunningham akaanzisha Youth With A Mission. Ndege za abiria ziliifanya safari iliyochukua miezi kuwa ya saa chache. Vijana wengi walipata wito wa maisha katika safari hizo, na hilo ni tunda la kweli. Lakini huduma iliyobuniwa kwa ajili ya kugawa vitabu ilipohamia kwa watoto haikubadilisha kipimo chake cha muda.

Haiti ilipigwa na tetemeko la ardhi tarehe 12 Januari 2010. Tarehe 29 mwezi huohuo Wamarekani 10, wengi wao wa makanisa ya Kibaptisti ya jimbo la Idaho, walizuiwa mpakani wakiwa na watoto 33, wakielekea Jamhuri ya Dominika ambako walikusudia kuanzisha nyumba ya yatima. Hati za kuwavusha hawakuwa nazo. Uchunguzi ulipofanyika, ikaonekana kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi walio hai. Wazazi waliwatoa wenyewe, wakiwa wameahidiwa shule na maisha bora.

Je, wazazi hao walikuwa hawana upendo? Haiti inayo desturi ya mtoto wa maskini kwenda kuishi kwa wenye uwezo. Mtoto huyo huitwa restavèk, jina litokanalo na maneno ya Kifaransa ya "kukaa na". Desturi hiyo imeleta mateso mengi. Lakini anayempeleka mtoto hivyo hasemi kwamba amemtupa. Sisi tuliolelewa kwa shangazi ili tuwe karibu na shule twaelewa vema: mama hajaacha kuwa mama. Mgeni wa siku chache, asiyejua lugha, alisikia "mchukueni" akaelewa "hana mtu".

Wanane waliachiliwa mwezi Februari. Kiongozi wao, aliyebaki wa mwisho, alitoka Mei baada ya kuhukumiwa kwa kupanga safari kinyume cha sheria. Siamini kwamba walikuwa wezi wa watoto. Kwangu kosa lao ni la kiteolojia kabla ya kuwa la kisheria. Katika Katekisimu Kubwa ya 1529 Luther, akieleza Amri ya Nne, anawaweka wazazi mahali pa Mungu hata wakiwa maskini, dhaifu na watu wa ajabuajabu, na kila mamlaka nyingine huichota nguvu yake kwao. Umaskini hauwavui wazazi cheo hicho. Anayetaka kumsaidia mtoto wa maskini hana budi kupita kwa baba na mama yake. Na kama wamekufa, kwa bibi, mjomba, na ukoo.

Swali hili limekwisha kufika mezani petu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini Tanzania inataka makao ya watoto yawe na leseni, lakini leseni haiulizi kama mtoto aliyeimba mbele ya wageni Jumapili ana bibi yake ng'ambo ya mto, ambaye angeweza kumlea kama angepata mbuzi wawili na karo. Anayeweza kuuliza hilo ni mchungaji wa usharika. Yeye ndiye anayejua nyumba zilipo, naye ndiye atakayekuwapo Jumatatu vitabu visiporudi.