Minembwe: mpaka wa teritwari na kiti cha bunge

Mwaka 1999 RCD ilimega Fizi, Uvira na Mwenga, ikaunda teritwari ya Minembwe. Banyamulenge wengi waliona njia ya kupata mbunge. Babembe, Bafuliiru na Banyindu wengi waliona ardhi ya mababu imekatwa. Sheria ya uchaguzi ya 2006 haikuitambua. Kwetu teritwari ndiyo jimbo, na viti hugawanywa kwa hesabu ya walioandikishwa. Basi, mama aliyekimbia akaandikishwa Uvira, anaongeza hesabu ya Uvira, si ya kijiji chake. Septemba 2020 ilizinduliwa komine ya Minembwe. Oktoba Rais Tshisekedi akaifuta. Komine huchagua washauri wake tu, haitoi mbunge wa taifa. Lakini nani alieleza? Watu walisikia 1999.