Ndoa na Orodha ya Dola: Kenya, 1902 hadi 2014

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1902, iliyotungwa na Waingereza kwa ajili ya nchi lindwa ya Afrika Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Kenya ya leo, iliitambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, ifungwe kanisani au mbele ya msajili. Waislamu hawakusubiri sana, kwa kuwa ukanda wa pwani ulikuwa bado, angalau kwa jina, milki ya Sultani wa Zanzibar, na makadhi waliamua mambo ya nikahi na talaka tangu zamani. Mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kusajili ndoa na talaka zao. Wahindu walitungiwa yao mwaka 1946, na ile iliyoifuata mwaka 1960, ambayo iliwajumuisha Masingasinga na Wajaini, ikawazuilia ndoa za mitara.

Waliodunishwa zaidi ni Waafrika waliooana kimila. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, aliyeshtakiwa kwa mali ya wizi, ilibidi iamuliwe iwapo mwanamke aliyeolewa kimila angeweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, maana sheria ililinda siri za mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton aliinyima ndoa hiyo kinga, akiiona kuwa ununuzi wa mke zaidi kuliko ndoa, kana kwamba mahari, ambayo huunganisha koo mbili na kuwapa watoto ukoo, ni bei ya sokoni. Mwafrika Mkristo alikuwa na afadhali: sheria ya 1931 ilimpa mjane wa ndoa ya kanisani haki ya kukataa kurithiwa, yaani kuchukuliwa na ndugu wa marehemu.

Baada ya uhuru, tume ya Jaji Spry ilipendekeza, mwaka 1968, sheria moja kwa wote. Bunge la Kenya liliikataa zaidi ya mara moja, ilhali Tanzania iliyafuata mapendekezo hayo kwa kiasi kikubwa katika Sheria yake ya Ndoa ya 1971.

Ni Sheria ya Ndoa ya 2014 iliyofuta sheria saba za awali na kutamka kwamba ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu zina hadhi sawa, ingawa wabunge wanawake walitoka ukumbini kupinga marekebisho yaliyomwondolea mume wajibu wa kushauriana na mkewe kabla ya kuoa mwingine. Usajili wa ndoa za kimila ulianza mwaka 2017, karne nzima baada ya hukumu ya Amkeyo. Hata hivyo usawa huo ni wa waliomo katika orodha: asiyefuata dini wala mila hana pa kwenda ila kwa msajili wa serikali, tofauti na Scotland, ambako tangu 2005 wanautu, yaani watu wanaojenga maadili yao bila kumtegemea Mungu, hufungishana ndoa halali kwa sherehe zao wenyewe.