Watoro wa Rabai: kanisa, makaburi na shule ya watu waliokimbia

Zamu yetu ya kuandika imefika, na safari hii tumechagua historia. Msikimbie, tutajitahidi isiwe kama somo la saa nane mchana.

Tumeanza na neno moja: mtoro. Shuleni kwetu mtoro ni yule anayeruka ua saa tatu na kurudi uji ukishaiva. Lakini kwenye karne ya 19, hapa pwani ya Kenya, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Alikuwa hana jina lingine mbele ya sheria. Akikamatwa, anarudishwa shambani. Sisi tulipolisoma hilo tulitazamana tu, maana kila mmoja wetu ana majina aliyopewa njiani ambayo hakuyachagua.

Sasa, watoro wengi walikimbilia Rabai. Rabai ni kijiji cha vilimani, nyuma ya Mombasa, safari fupi tu ya matatu. Kati yetu hakuna aliyefika, kwa sababu kutoka kambini kunataka kibali. Yaani tunataka kupaona mahali walipojificha watu wasio na karatasi, na hatuwezi kufika bila karatasi. Basi tukasoma.

Mwanzo wa mambo ni msiba. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Mwezi wa saba mwaka huo huo Rosina akafa kwa homa baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akafa. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lipo hadi leo. Miaka miwili baadaye, 1846, Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai kwa ruhusa ya wazee wa Warabai. Kwa hiyo kaburi lilitangulia kanisa. Hata mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, mtu aliyekuwa na ulemavu, alibatizwa mwaka 1851 akiwa mgonjwa sana, akafa.

Walifungua na shule. Shule yenyewe ilikuwa ndogo: watoto wachache, leo wapo kesho hawapo. Vitabu vya historia vinapenda kumtaja Rebmann kwa kuuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf kwa kuuona Mlima Kenya mwaka 1849. Lakini Rebmann alikaa Rabai karibu miaka 30, akapofuka macho, na alipoondoka mwaka 1875 waliobatizwa walikuwa wachache mno. Tungesema mradi umeshindwa. Mfadhili wa siku hizi angeufunga mwaka wa pili!

Waliolijaza kanisa ni waliokimbia. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali, kwa shinikizo la Waingereza, kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Meli za Kiingereza zilizoyakamata majahazi zilijikuta na watu wa kuwateremsha mahali, na mwaka 1875 kikaanzishwa kijiji cha Freretown karibu na Mombasa. Kengele yao ilikuwa ya kuwaonya watu kama wavamizi wanakuja, na mtaa ule unaitwa Kengeleni mpaka leo. Hao wa Freretown walikuwa huru kisheria. Lakini mkataba ule ulihusu bahari. Nchi kavu, mtumwa aliendelea kuwa mtumwa, na aliyetoroka shamba la Malindi au la Mombasa hakuwa na meli ya kumwokoa. Alikuwa na miguu yake tu.

Wengi walipanda kwenda Rabai, na hapo anaingia mtu ambaye sisi tumempenda kuliko wote, William Jones. Naye alitekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India kwenye shule ya Nasik, akarudishwa pwani mwaka 1864. Mwaka 1885 akapewa ushemasi na Askofu Hannington. Mwaka huo huo aliondoka naye kwenda Uganda, Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliobaki mpaka Rabai, mwanzoni mwa 1886.

Wakubwa wa misheni walikuwa wamekubali kutowapokea watoro, wasigombane na wenye mashamba. Jones aliwaacha wakae. Mtu aliyewahi kufungwa kamba angefanyaje? Wakalima, wakajenga, wakaozesha. Mwaka 1887 likajengwa kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo bado linasaliwa. Si wote waliopona, lakini. Kule Fuladoyo, ndani zaidi, kulikuwa na kijiji cha watoro Wakristo wasio na mzungu hata mmoja. Kiongozi wao, David Koi, alikamatwa akauawa mwaka 1883.

Mwaka 1888 wenye mashamba walikuja juu. Walitaka watu wao, na vita vilinukia. Aliyekuwa amefika Mombasa ni George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA, na kampuni haikutaka kuanza biashara kwa vita. Yeye na mmisionari Price wakahesabu watu. Ikapatikana orodha ya zaidi ya watoro 1,400 kwenye vijiji vya misheni, wengi wao Rabai. Mackenzie akakubali kulipa dola 25 kwa kila mmoja, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watu wakapewa hati zao za uhuru.

Hapa sisi tulibishana karibu usiku mzima. Wengine walisema ni siku ya furaha, hati ni hati. Wengine waliuliza pesa zilikwenda kwa nani. Zilikwenda kwa mabwana. Aliyelima bure miaka yote hakupata senti, alipata karatasi. Halafu kuna wale waliofika Rabai baada ya orodha kufungwa. Utumwa wenyewe haukufutwa pwani hiyo ya Kenya mpaka mwaka 1907, kwa hiyo aliyechelewa wiki moja alibaki mtoro. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnaposhika orodha mtukumbuke hapo. Mmoja wetu alikosa chakula cha miezi miwili kwa sababu ya herufi moja ya jina lake.

Tuje kwenye makaburi. Warabai, kama Wamijikenda wengine, walikuwa na kaya zao, misitu mitakatifu yenye makaburi ya wazee wao, ambayo sasa imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Mtu wa kuja, Myao au Mnyasa asiye na mjomba wala shangazi, angezikwa wapi? Tunavyoona sisi, uwanja wa kanisa ulikuwa ukoo wa mtu asiye na ukoo. Na mtu akishazika mama yake mahali, pale si pa kupita tena.

Shule nayo ilikua pamoja nao. Wenyeji wa Rabai hujivunia kwamba masomo ya darasani nchini Kenya yalianzia kwao. Pia kuna makumbusho yenye jina la Krapf. Makumbusho ya mtoro mmoja mmoja hatujayasikia. Majina tunayoyajua ni ya wenye barua na ripoti.

Kwetu kambini makaburi yako nyuma ya korongo, Wakristo upande huu, Waislamu upande ule. Misalaba ni ya mbao, na mchwa hawamalizi hata misimu miwili. Mvua iliyopita tulikwenda na mama mmoja kumtafuta mwanawe, tukazunguka mpaka jua likazama, tukaweka maua mahali tulipodhani.

Kwa hiyo tumenunua daftari la kurasa 200. Tunaandika jina la marehemu, kwao wapi, nani alimzika, na ni hatua ngapi kutoka mti upi. Mpaka jana tulikuwa na majina 37. Mwenye jina la kuongeza aje Jumamosi baada ya mechi, tuko chini ya mwarobaini karibu na bomba, na kalamu tunazo.