Mtoto Aliyefungwa Ndani ya Ngoma

Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Kivu, Shé-Kárisi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku 12. Aliimba, akacheza, mpaka sauti ikamkauka. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, walizitoa katika kitabu mwaka 1969. Kilichapwa California.

Mimi Mwindo nilimkuta ndani ya kitabu hicho, hapa Buyenzi, siyo kwa bibi kando ya moto. Naona haya kidogo kusema hivyo. Baba ni Mnyanga, lakini Kinyanga sikijui. Nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mtu.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwaambia wake zake wazae mabinti tu. Mwindo akazaliwa. Wakamzika mzima, akatoka. Wakamfungia ndani ya ngoma, wakaitupa majini. Ngoma ikaelea, mtoto anaimba humo ndani kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Shangazi ndiye aliyeipasua kwa kisu.

Mimi pia nimelelewa na shangazi. Basi mwaka wa tatu huu nachora ngoma hiyo hiyo, juu ya mbao za masanduku.

Lakini Bujumbura ngoma ina wenyewe. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. UNESCO waliiandika katika orodha yao mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais ikakataza wanawake kuipiga. Siku moja mzee jirani alisimama mbele ya picha yangu, akaitazama sana.

"Kijana, hii ngoma si ya kwenu. Hii ni ya Gishora kabisa."

Alisema kweli. Niliichora ndefu, ina vigingi pembeni, kwa sababu ngoma nilizoziona kwa macho ni hizo tu. Nilitaka kuifuta. Nikaiacha.

Watu wa mashirika (mtanisamehe, najua mnasoma) wanaipenda, ila huniomba nimchore mtoto ametoka, anacheka. Kumbe Mwindo akitoka hachekicheki. Anarudi Tubondo na vita, anamfuata baba yake mpaka kuzimu, anamleta nyumbani, na mwishowe wanagawana utawala.

Sehemu hiyo sijaichora. Baba alibaki Walikale, na sijui nimpe uso gani.